Peleti inasoma n asubuhi na p mchana? Mashine haijakufa

Ndugu uliyeuliza kwa nini kipimo cha Hall kinaonyesha peleti yako ya bismathi teluraidi ni n (chaji inabebwa na elektroni) asubuhi na p (inabebwa na mashimo, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni) mchana, kabla upeleke mashine kwa fundi hebu tupige hesabu kidogo. Mimi niko lab moja huku Kisumu na kazi yangu ni sampuli hizi hizi, na wengi wanaokuja na shida kama yako mashine yao huwa iko sawa kabisa.

Tuseme peleti ina unene wa milimita 1, sumaku ni tesla 1, unapitisha miliampea 100, na elektroni ni kama 10^19 kwa kila sentimita ya ujazo. Volti ya Hall, yaani ile inayotokea kando ya sampuli sumaku ikisukuma chaji zinazopita, hapo ni karibu maikrovolti 62, basi; alama yake ndio inakuambia ni n au p. Sasa hiyo bismathi teluraidi ikipata joto upande mmoja inatoa kama maikrovolti 200 kwa kila digrii ya tofauti, si ndio maana watu wanaipenda, kwa hivyo waya zako mbili za kupimia zikipishana theluthi ya digrii tu tayari umepata volti ya uongo inayotoshana na ile ya ukweli, ikizidi kidogo alama inageuka na n inasoma p. Ni kama kusikiliza mtu akinong'ona soko la Kibuye siku ya Jumapili. Silikoni ya kawaida haisumbui hivi juu vibeba chaji vyake ni vichache, volti ya Hall inatoka kubwa.

Na vile umeeleza, umepima sumaku ikiangalia upande mmoja peke yake. Geuza: chanya, hasi, halafu chanya tena, na karenti pia uigeuze, alafu utoe moja kwa nyingine. Volti ya joto haijali sumaku inaangalia wapi kwa hivyo inajikata, bora joto lisihame katikati ya kupima. Hapo ndio feni inazimwa bana, hata kama mchana wa Kisumu unakutoa jasho, na sampuli unaifunika na katoni.

Kuna volti moja ya uongo haikatiki hivyo, ile ya athari ya Ettingshausen. Karenti na sumaku zikikutana zinasukuma joto upande mmoja wa sampuli, na ukizigeuza nayo inageuka pamoja na Hall yenyewe. Dawa ni karenti ya AC na amplifaya ya lokin (inayosoma ile frikwensi ya karenti yako peke yake), juu joto ni zito, haliwezi kufuata mbio hizo.

Pia sugua peleti ifike nusu milimita, volti inakuwa mara mbili. Dots za silva pesti (gundi ya fedha ya kushikisha waya) ziwe ndogo na zikae ukingoni kabisa, mwanafizikia van der Pauw alisema hivyo tangu 1958 na bado watu wanazibandika katikati!

Alafu mobiliti (wepesi wa chaji kusonga) unaipata kwa kugawa koefishenti ya Hall (volti ya Hall mara unene, ugawe kwa karenti na sumaku) kwa rezistiviti (ukinzani wa mata yenyewe), sasa zote mbili zipimwe karenti ikipita mwelekeo mmoja kwenye peleti, juu ukiikandamiza fuwele zinalala na rezistiviti ya wima si ya ulalo.

Weka hapa rekodi za chanya na hasi kabla ya kupiga avareji, tuziangalie.