Nahudumia watu kwa kinyongo, je, niache?

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Magomeni, Bagamoyo. Huu ni mwaka wa sita nahudumu katika jumuiya yetu: nafagia kanisa, napika misibani, na kila asubuhi naenda kumwogesha bibi mmoja aliyepooza, hana mtoto wa karibu. Mwezi uliopita kwenye matangazo walisimamishwa kina mama waliochangia sare za kwaya, wakapigiwa makofi. Mimi hata jina sikutajwa. Nilipougua malaria hakuja mtu, ingawa kweli sikumwambia yeyote, sipendi kusumbua watu. Tangu hapo nafanya yote kwa kinyongo. Je, mimi ni mnafiki? Nataka kuacha. Mama wa Magomeni.*

Marahaba, mwanangu. Wewe si mnafiki, umechoka. Mnafiki asingeniandikia.

Wala kuumia si dhambi. Yesu aliponya wakoma kumi, akarudi mmoja tu kushukuru, naye akauliza, "Wale kenda wa wapi?" Aliona kwamba hawakurudi, na alisema. Kwa hiyo atakayekurushia ile methali ya tenda wema nenda zako, msikilize tu. Ni methali nzuri, lakini haimfai mtu aliyetoka kitandani kwa malaria akiwa peke yake.

Pale misheni mnao Mnara wa Livingstone, yule mmisionari Mskoti. Februari 1874 mwili wake ulilazwa pale, baada ya kubebwa kwa miguu miezi na miezi kutoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Waliouongoza msafara ule ni watumishi wake, Chuma na Susi. Alipozikwa London mwezi Aprili, wao hawakuwepo, walifika Uingereza mambo yamekwisha. Na mnara hauna jina lao. Sikuelezi haya ili ujione una nafuu. Naona uchungu nikiwafikiria, na sioni kwamba ilikuwa sawa. Hata mwenyekiti wa jumuiya yenu hakufanya sawa kukusahau. Siku tulivu mwambie hivyo, mkiwa wawili, si kikaoni.

Lakini kilichonishika zaidi katika barua yako ni yale maneno uliyoyapitisha haraka: "sikumwambia yeyote, sipendi kusumbua watu."

Soma tena Yohana 13, sura tunayosomewa Alhamisi Kuu. Bwana anajifunga kitambaa kiunoni, anatia maji bakulini, anawatawadha wanafunzi miguu. Neno ni lile lile la majirani zetu wanaotawadha kabla ya swala, nasi watu wa pwani tunalijua: maji, vidole, nyayo, kisigino. Tumezoea kuhubiriwa habari ya Yule aliyeinama. Mimi nakuomba umtazame Petro. "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Ukimsikia unadhani ni mnyenyekevu, kumbe ndiye anayekataa. Akajibiwa kwamba asipotawadhwa hana shirika na Bwana. Ilibidi akae, anyooshe mguu wenye vumbi.

Mwanangu, hapo ni pagumu kuliko kufagia kanisa. Najua, kwa sababu nilivunjika mkono wa kulia nikakaa wiki sita bila kuweza kukamua nguo. Akaja mama mmoja wa jumuiya, mdogo kwangu, akaloweka nguo zangu zote, na za ndani. Nilimwambia hizo aziache. Akasema, "Mama, kaa," akaendelea kufikicha. Nililia kwa aibu. Nilikuwa nimewafulia wagonjwa miaka mingi na sikuwahi kujua kwamba wakati mimi najiona nina upendo, wao walikuwa wanageukia ukutani. Nilipopona nilianza kufua tofauti. Nikawa nabisha hodi kwanza, nauliza, naongea nao.

Wewe umekuwa wa kutoa tu miaka sita, na mtu wa namna hiyo moyo wake unageuka daftari la deni bila yeye kutaka. Kinyongo chako kinatoka humo.

Kwa hiyo usiache, punguza. Wiki hii waambie wenzako kwamba bibi anahitaji zamu, na wewe utachukua siku tatu. Usingoje wajitolee, mtaje mtu kwa jina: "Mama fulani, Jumanne ni yako." Misibani, mara moja kaa mkekani na wafiwa, sufuria wasugue wengine. Na homa ikirudi, mtume mtoto kwa jirani kabla jua halijapanda, aje akuchemshie uji. Akija, usiamke kumfagilia sebule.

Kuhusu bibi, nina jambo moja. Nadhani mpaka leo ukimaliza kumwogesha unamfunika khanga, unachukua ndoo, unaondoka mbio kuwahi mengine. Kesho vuta kigoda ukae. Mwambie umekuwa ukiumwa, na moyo wako haujatulia. Mwombe akuombee, kwa sauti kama anayo, na kama ulimi nao umepooza, mpe mkono wako aushike mpaka auachie mwenyewe.