Resista ya kwenye chipu mbona inabadilika?

SWALI: Shikamoo fundi, nipo Lindi mjini najifunza kudizaini chipu kwa laptopu, nimechora resista (kile kipande kinachopunguza mkondo wa umeme, ukinzani wake unapimwa kwa omu) ya omu 10,000 na simulesheni inatoa 10,000 kamili, ila jamaa yangu anasema ikitoka kiwandani inaweza kuja 8,000 au 12,000. Ananitania?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hakutanii. Kwenye chipu resista ni ukanda mwembamba wa polisilikoni (silikoni ya fuwele ndogondogo nyingi) na unahesabu miraba, yaani fikiria ukili wa mkeka umeukata vipande vya mraba, kila mraba una omu zilezile uwe mkubwa au mdogo, kwahiyo kama mraba mmoja ni omu 200 unahitaji miraba 50: upana maikroni 2, urefu 100. Sasa unene wa ukanda na kiasi cha boroni au fosforasi iliyotiwa ili upitishe umeme haviji sawa kila mara, asilimia 20 juu au chini ni kawaida. Modeli yako ya simulesheni iwekee hiyo tofauti, weka na joto, omu za kontakti (pale ukanda unapoungana na waya) huku na huku, na ile kapasita ndogo (inayotunza chaji ya umeme) kati ya ukanda na silikoni ya chini, maana ndo inakula spidi. Ila resista mbili jirani zenye upana uleule zinakosea pamoja, uwiano wao unabaki karibu palepale, kwahiyo mi nakushauri saketi iegemee uwiano, sio namba ya resista moja.