Naelewa Darasani, Nafeli Kwenye Mtihani

SWALI: Niko mwaka wa pili, nasoma fizikia. Mhadhiri akifundisha naelewa, na nikipitia majibu ya mitihani iliyopita kila hatua naiona iko wazi. Lakini mekanika nimepata 38 kwa 100, sapu (mtihani wa marudio) inanisubiri, na nakesha kuliko wenzangu. Nihame kozi?

JIBU: Kozi usiiguse kwanza. Toa karatasi ulizosahihishiwa, na kila ulipokatwa alama andika herufi moja pembeni: M kama mchoro ulikosewa au hukuchora, K kama kanuni haikuhusika, H kama ni hesabu tu, U kama muda ulikuishia. Mwenye H nyingi arudi kwenye aljebra na kalkulasi. Kusoma tena fizikia hakutamsaidia.

Kwa ulivyoeleza, tunashuku M na K. Anayesoma jibu lililokwishaandikwa hakutani kabisa na swali gumu kuliko yote: naanzia wapi?

Tazama hili. Mzigo wa kilo 2 unateleza kwenye ubao ulioinama nyuzi 30, kizigeu cha msuguano ni 0.2. Wengi huandika kwamba ubao unausukuma mzigo kwa mg (uzito wake wote: masi m mara mvutano wa dunia g), nyutoni 19.6, kisha wanapata mchapuko wa 2.9 m/s². Jibu ni 3.2. Vizio viko sawa, namba haishtui, kumbe kosa liko kwenye mchoro: ubao unasukuma kwa mg cos 30 tu, nyutoni 17.0.

Ungebaki na herufi za mlinganyo, kama g na θ, badala ya namba hadi mwisho, kosa ungelinasa mwenyewe. Mlinganyo sahihi ni a = g(sin θ − 0.2 cos θ), a ikiwa mchapuko na θ mwinamo wa ubao. Sasa simamisha ubao wima, nyuzi 90: msuguano unatoweka, a = g, mzigo unadondoka kama kawaida. Mlinganyo wenye kosa unakupa 0.8g, eti ubao unaukwaruza mzigo ambao haujauegemea! Ukaguzi huo ni wa nusu dakika, lakini aliyeingiza namba tangu mstari wa kwanza hana pa kuufanyia.

Basi kila siku fanya maswali matatu, daftari limefungwa, dakika 20 kila moja. Chora kani zote, chagua mihimili, andika milinganyo kwa herufi. Namba ziingie mwisho. Ukikwama, fungua jibu, soma mstari mmoja, funga, endelea. Swali ulilochungulia lirudie kwenye karatasi tupu baada ya siku mbili, halafu baada ya wiki. Siku za mwanzo utamaliza moja tu kati ya matatu, na usiongeze muda kwa kukesha: kichwa kilichochoka hudondosha alama za kutoa, na hizo ni H ambazo hukuwa nazo.

SWALI: Maswali ya uzito unaocheza kwenye springi nakosa yote, ingawa kanuni naandika ileile ya kitabuni.

JIBU: Angalia kikokotoo kabla ya kujilaumu. Kwa x = 0.05 cos 4t (x ni mita kutoka katikati, t ni sekunde), sekunde 0.5 ikipita unatafuta cos 2, na hiyo 2 ni radiani, kizio kingine cha pembe, si nyuzi. Jibu ni mita −0.021. Kikokotoo kikiwa kwenye nyuzi kitakupa 0.050, kana kwamba uzito haujasogea hata kidogo.