Maswali na majibu: Mwendo kasi ndani ya handaki

*Mwanangu anaendesha lori kutoka Denmark mpaka Italia, anapita handaki la Gotthard, Uswisi. Ananambia kukimbiza gari mle kunaweza kukupeleka jela. Kweli? (Mama, Fuoni)*

Kweli, mama yangu. Handaki lile lina urefu wa karibu kilomita 17, na mwendo wa mwisho ni kilomita 80 kwa saa. Ukizidisha kidogo unalipa faini. Ukizidi zaidi, leseni inakutoka. Atakayefika 140 pale penye 80, sheria ya Uswisi haimwoni tena kama mkosaji wa barabarani tu: kifungo kinaweza kufika miaka 4, na gari ikataifishwa.

*Si unapunguza mbele ya kamera, ukishapita unakanyaga tena? (Kijana, Mwanakwerekwe)*

Mwanangu, hesabu hiyo wameshaipita. Tangu mwaka 2003, katika handaki la Kaisermühlen mjini Vienna, Austria, kamera zinakupiga picha unapoingia na unapotoka, kisha wanatazama umetumia muda gani. Chukua handaki la kilomita 12: kwa mwendo wa 80 ni dakika 9. Ukitokeza baada ya dakika 6, ulikuwa kwenye 120, hata kama mbele ya kamera ulijikokota.

*Huku Pemba handaki hatuna. Mna nini mle hata mwendo uleule uzidi hatari? (Msomaji, Konde)*

Wewe unayepita msitu wa Ngezi jua la utosi unalijua jibu. Mimi lilinikuta Bungi, kwenye miembe ya Bi Khole. Nilitoka kwenye jua kali nikaingia kivulini, na kwa muda mfupi mbele yangu palikuwa peusi tu. Kisha nikaona mzigo wa majani ya ng'ombe, ndipo nikaona baiskeli chini yake, na mzee anakanyaga taratibu. Nilikuwa sikimbizi, nikakwepa nikaingia majanini. Moyo ulinidunda mpaka Kitogani.

Handakini hakuna pa kukwepea, ni ukuta. Na Gotthard magari yanapishana ndani ya tundu moja. Oktoba 2001 malori mawili yaligongana humo, moto ukazuka, watu 11 wakafa. Jicho linataka muda lizoee giza, na kwa mwendo wa 100 gari inakwenda karibu mita 28 kila sekunde. Breki nayo: ukitoka 50 ukaenda 100, masafa ya kusimama baada ya kukanyaga yanakuwa mara nne, si mara mbili. Hili madereva wengi hawaliamini mpaka wapate ajali.

Miwani ya jua ivue kabla hujaingia.

*Moto wa handaki la Mont Blanc, baina ya Ufaransa na Italia, ulitokana na mwendo? (Msomaji, Chake Chake)*

Hapana. Tarehe 24 Machi 1999 lori lililobeba unga na majarini liliwaka moto katikati ya handaki, wakafa watu 39, wengine wamo bado ndani ya gari zao. Siku hizi mle unakwenda baina ya 50 na 70, na unaacha mita 150 nyuma ya gari iliyo mbele. Kwa mwendo wa 70 hizo ni kama sekunde 8 za kuuona moshi na kusimama. Anayekimbiza anazila mwenyewe, na anawalia walio nyuma yake.

Ukiuona moshi, simama pembeni, zima injini, toka ufuate alama za mlango wa dharura kwa miguu. Usigeuze gari, usirudie begi. Ufunguo uache ndani, wazimamoto waweze kuisogeza gari yako.