Utosi wa mtoto kudunda si ugonjwa

Hongera kwa mtoto, dada yangu. Umeuliza kwa nini utosi wa mwanao wa miezi 4 ni laini na unadunda. Hapo mifupa ya fuvu haijakutana bado: miwili ya paji kwa mbele, miwili ya ubavuni nyuma yake. Mwanya huo ndio ulioiwezesha kupandana kidogo wakati unajifungua, na sasa unaupa ubongo nafasi ya kukua. Kudunda ni mapigo ya damu tu. Mara nyingi hujifunga kati ya miezi 12 na 18; ule mdogo wa kisogoni hutangulia. Dawa za kubandika utosini usikubali, tafadhali. Ila ukibonyea huku anaharisha, au ukivimba ametulia na ana homa, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku.