Pikipiki ya zamani: chonga bushi, ekseli katafute

Ukiwa na Honda XL ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapa Mwanza, jibu la dukani unalijua kabla hujauliza: "Hiyo haiji siku hizi, bosi. Chukua ya CG, ipige msasa itaingia." Spea za CG zimejaa kwa sababu injini nyingi za bodaboda za Kichina zimetokana na CG125 ya Honda ya 1976. Itaingia, ndiyo. Kukaa ndiyo shida.

Mimi nina mashine ndogo ya kukereza nyumbani, Nyakato. Kwa anayeanza nasema: anza na bushi, vile vijibomba vinavyoshika shafti, za ule mkono wa nyuma unaoshika tairi. Kazi ni ndogo, na pikipiki inaacha kutingisha mkia kwenye kona.

Tundu la ndani la bushi kuukuu usilipime, limeshalika. Pima pale bushi inapokaa, kisha sehemu ya shafti isiyosuguana na chochote. Geuza, upime tena upande wa pili. Kama tundu limekuwa yai utalijua hapo.

Bronzi naipata kwa wauza skrepa. Bushi chakavu za shafti za boti ni mali safi: ukizikereza zinatoa chembe fupi fupi za rangi ya dhahabu. Kipenyo cha nje kizidi tundu kwa kama milimita 0.03. Laza bushi kwenye friza, asubuhi pasha tundu moto, halafu isukume taratibu kwa vaisi. Ikishabanwa, ndani inasinyaa. Kwa hiyo acha nyama kidogo, umalizie kwa rima, kile kifaa cha kupanua tundu kwa kipimo, bushi ikiwa mahali pake. Wanaoruka hatua hii ndio unaowasikia wakigongelea shafti kwa nyundo.

Mtu atakwambia weka ya chuma, itadumu. Itadumu yenyewe, shafti itakwisha, na shafti ndiyo haipatikani.

Bolti nazo uziangalie. Ya milimita 10 kwenye pikipiki ya Kijapani, jino hadi jino kwa kawaida ni milimita 1.25, ya duka la vifaa vya ujenzi mara nyingi ni 1.5. Inaingia mizunguko miwili, inagoma, mtu anaongeza spana, thredi za aluminiamu kwisha.

Ekseli na vipande vya breki sichongi, hata ukinibembeleza. Chuma cha skrepa hujui kilipikwaje, na barabara ya Musoma ina malori. Vitu hivyo natafuta kwenye pikipiki zilizokufa, hata kama ni kuvuka kivuko cha Kamanga kuzifuata.