Maswali na Majibu: Jina la Mradi Uliochepushwa

Nimechepusha programu huria, yaani nimenakili msimbo wake ili niuendeleze kivyangu, na leseni yake inaniruhusu. Je, naweza kubaki na jina lake?

Hapana, isipokuwa wenye jina wakuruhusu. Leseni hizi huhusu hakimiliki ya msimbo, ilhali jina na nembo hulindwa na sheria ya alama za biashara. Leseni ya Apache 2.0 inalitamka hilo waziwazi katika kifungu cha 6. Waliojitenga na OpenOffice.org, programu ya kazi za ofisi, mwaka 2010 walichagua jina la LibreOffice kwa sababu jina la awali lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Oracle, iliyokuwa imeinunua Sun, mmiliki wa awali wa mradi huo, mwaka huohuo. Debian nayo, mradi wa mfumo endeshi huria, iliyokuwa ikikifanyia kivinjari cha Firefox marekebisho yake yenyewe, ilikisambaza kwa jina la Iceweasel tangu 2006 hadi ilipoafikiana na Mozilla, wenye jina la Firefox, mwaka 2016. Hata pasipo alama iliyosajiliwa ningekushauri vivyo hivyo, kwa kuwa mtumiaji atakayekumbwa na hitilafu uliyoisababisha wewe atawalalamikia watunzaji wa awali, nao, ambao wengi wao hujitolea bila malipo, watapoteza saa nyingi wakitafuta kosa lisilokuwemo katika msimbo wao. Huko ni kuwadhulumu.

Je, nikiongeza neno moja tu mbele ya jina la zamani?

Halitoshi, maana msomaji bado atadhani ni toleo jingine la mradi uleule. Asili ya mradi itaje katika maelezo yake, si katika jina.

Nikishabadili jina, nifute majina ya waandishi wa kwanza?

Usifute hata moja. Leseni za MIT na BSD zinataka tangazo la hakimiliki libaki, na leseni ya GPL toleo la 3 inakutaka uongeze taarifa kwamba umeibadilisha kazi hiyo, pamoja na tarehe husika.

Vipi kuhusu majina ya amri na mafaili?

Hapa pana nafasi ya kupima. MariaDB, programu ya hifadhidata iliyochepushwa kutoka MySQL, ilihifadhi amri za MySQL kwa miaka mingi ili mifumo iliyozitegemea isikwame, na ulikuwa uamuzi wa busara. Folda ya mipangilio, hata hivyo, ipe jina lake, la sivyo programu mbili zilizo kwenye kompyuta moja zitaandika juu ya faili lilelile na kuharibiana. Kagua pia anwani ambako programu hutafuta masasisho: ukiiacha ya zamani, programu yako inaweza kupakua toleo la mradi wa awali na kujifuta yenyewe, huku mtumiaji akiwa hana habari.